Uliza Deklara: unga unatoka Zambia, shaba inaenda China, na sisi tuko katikati

Wasomaji wa Lubumbashi, mwezi huu mmeniandikia kweli, na karibu wote mnazunguka swali moja: kwa nini vitu vinatoka pale vinapotoka na kwenda pale vinapoenda. Kwa wageni wa ukurasa huu, mi nilikuwa deklara Kasumbalesa, mpakani na Zambia, miaka tisa, kazi ya makaratasi ya duane, yaani forodha, kwahiyo mambo ya mizigo niulizeni tu. Ya ndoa kuna mwenzangu ukurasa wa nyuma, msinichanganyie.

"Mukubwa, mi niko muuzaji ya bunga ku soko ya Kenya, sasa miaka kumi na mbili. Kila mara Bazambia bakifunga mupaka, mufuko inapanda siku ile ile, meka ya kupimia inapanda, na bakiliya banatutukana shiye bamama, banasema shiye njo tunapandisha. Mi ninauliza: udongo iko, mvua iko, kwa nini tunakula bunga ya kwa bengine? Na beko na chuki na shiye ao?" – Mama wa Bunga, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi

Mama yangu, salamu sana. Wanaokutukana hawajawahi kulipia kamyo hata siku moja. Ngoja nikuonyeshe kitu ambacho unapishana nacho kila wiki bila kukiangalia.

Simama dakika kumi tu kwenye barabara ya Kasumbalesa. Utaona kamyo inaenda kusini, remoki (tela) ndefu lakini iko kama tupu, ukichungulia unaona vibunda vifupi chini kabisa, sahani za shaba zimepangwa moja juu ya ingine na kufungwa mikanda ya chuma, hazifiki hata kiuno cha mtu. Alafu utaona ingine inatoka Zambia imejaa mpaka turubai limefura, mifuko ya unga. Mtoto atakwambia ya unga ndo nzito. Hapana, zote mbili zimebeba tani 30 hivi, barabara na mizani haviruhusu zaidi sana ya hapo. Lakini sasa angalia pesa. Mwaka 2024 bei ya shaba kwenye soko la London ilikuwa wastani wa dola 9,000 na kitu kwa tani moja, kwahiyo ile kamyo inayoonekana tupu imebeba mali ya dola 270,000 hivi. Ya unga, tuseme mfuko wa kilo 25 ni dola 20, hiyo ni mifuko 1,200, jumla dola 24,000. Basi.

Sasa tuseme usafiri wa njia fulani ni dola 6,000. Kwa mwenye shaba hiyo ni kama 2 kwa mia ya mali yake, hata hasikii. Kwa mwenye unga ni robo nzima! Ndo maana shaba inaweza kuvuka nchi tatu na bahari mpaka China na bado mwenyewe akalala usingizi, lakini unga hauna miguu ya kwenda mbali, unga unatafuta shamba la karibu. Na karibu hapa sio karibu ya ramani Mama, ni karibu ya mfuko wa pesa. Mkulima wa Kaniama yuko nchini mwetu, tunaimba naye wimbo mmoja wa taifa, ila kumtoa mahindi yake mpaka Lubumbashi ni treni inayokuja siku inayotaka, ao barabara ambayo msimu wa mvua inakula kamyo. Mkulima wa Mkushi kule Zambia ni mgeni lakini yuko kwenye lami, na mpaka wenyewe uko kilometa kama 90 tu kutoka kwako. Udongo wetu ni mzuri, hapo una haki, ila udongo haupandi kamyo.

Na hii sio ya jana. Treni ya kwanza kufika hapa mwaka 1910 ilitoka kusini, kwa Waingereza wa Rodesia, na mji ulianza mwaka ule ule. Wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, walilishwa mahindi yaliyopanda treni hiyo. Huu mji ulizaliwa tumbo lake limeelekea kusini, sasa imepita miaka mia na zaidi, walimaji wa ng'ambo wamezoea kutulimia, wenye vinu wamezoea kutusagia, madereva wamezoea njia, na mazoea ya biashara ni magumu kuvunja kuliko ya pombe.

Chuki? Hapana Mama. Serikali ya Zambia inawapa wakulima wadogo mbolea kwa bei ya chini, pesa ya walipa kodi wao, kwahiyo mahindi yakipungua wanasema kwanza wale wetu. Mwaka 2024 ukame uliwapiga vibaya, tarehe 29 Februari rais wao akatangaza kuwa ni janga la taifa. Unafikiri angewaambia nini wapiga kura wake wanaotafuta nshima, ugali wao, kwamba mahindi yameenda Katanga? Kila serikali ingefanya hivyo, na yetu pia inajua kufunga. Mwezi wa nane mwaka ule ule wa 2024 ni sisi tuliokuwa tumezuia soda na bia za kutoka nje ili viwanda vyetu vipumue, wasafirishaji wakaandamana Kasumbalesa, Zambia wakakasirika wakafunga mpaka kwa siku chache. Hiyo unaikumbuka vizuri, najua, kamyo zilisimama foleni mpaka watu wakaanza kufua nguo chini ya remoki.

Kuna kitu kingine ambacho hakionekani: kwacha. Mwisho wa 2023 dola moja ilikuwa inanunua kwacha zaidi ya 25. Kwacha ikianguka, dola zako zinanunua mifuko mingi zaidi kule, hata kama Mzambia hajagusa bei yake. Ikipanda, wewe unaonekana mwizi. Kwahiyo kabla ya kwenda kununua, uliza bei ya kwacha kwa wachenjaji wa mpakani kabla hujauliza bei ya unga, na mwezi wa kwanza na wa pili sikiliza habari za mvua ya Zambia. Mavuno yao yanaanza mwezi wa nne hivi, wa tano, na ile miezi ya kabla yake ndo huwa mibaya. Wewe umeuza miaka kumi na mbili, hii unaijua mwilini, mi nakuandikia tu ili uwasomee hao wateja.

"Yaya, niko nauza telefone karibu na posta. Nimesikia serikali ilipunguza kobalti inayotoka Congo. Kobalti iko ndani ya telefone. Sasa ninunue stoki kubwa mbele bei ipande?" – Papa Chargeur

Hapana, usikope pesa ya watu kwa sababu hiyo. Habari yenyewe ni ya kweli: Februari 2025 serikali ilisimamisha kabisa kutoa kobalti nje, kwasababu bei ilikuwa imeanguka vibaya, alafu kuanzia tarehe 16 Oktoba 2025 ikaweka kiwango, tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule, na tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Na kwasababu Congo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Watu wachache duniani wana nguvu ya namna hiyo kwenye kitu kimoja.

Lakini telefone moja ina gramu chache tu za kobalti. Weka hata gramu 10, weka kilo kwa dola 50, inakuja senti 50. Mteja wako anakuomba umpunguzie zaidi ya hiyo kabla hajasema hata bonjour. Bei ya telefone inakaa kwenye kazi ya kuitengeneza, kwenye jina lililoandikwa mgongoni, kwenye duane na kwenye mikono yote inayopitia mpaka kwako. Anayeisikia kobalti kweli ni mtengeneza betri za gari, pale zinaingia kilo na kilo, na huyo naye sio mjinga, wachina wengi wameshahamia betri za chuma na fosfati ambazo hazina kobalti hata kidogo. Hiyo njo hatari ya kubana sana mlango, mteja anajifunza kuishi bila wewe.

Utaniuliza kwa nini hiyo betri isitengenezwe hapa. Shaba tunaisafisha hapa mpaka 99.99 kwa mia, zile sahani nilizomwambia Mama hapo juu. Kobalti inatoka ikiwa bado unga wenye maji maji ndani ya magunia makubwa, kwenye kilo tatu za mzigo mkavu kobalti yenyewe ni kama kilo moja, na sehemu kubwa inamaliziwa China. Kiwanda cha betri hakitaki kobalti peke yake, kinataka lithiamu, nikeli, grafiti, kinataka umeme usiokatika, na kinataka kukaa jirani na anayetengeneza magari. Kobalti yako ni chumvi kwenye mboga, mpishi hahamii kwa muuza chumvi. Umeme wetu unaujua mwenyewe, si ndo unaokulisha na hizo chaja?

"Kwa nini kamyo zote za shaba zinaenda Durban ao Dar es Salaam, na bahari ya Angola iko karibu? Nani analipwa ili tupite mbali?" – Kijana wa Katuba, mbebaji

Ndugu, swali lako lina hasira na nakuelewa. Ila jibu sio mtu mmoja anayelipwa, jibu ni reli, na vita, na nani alikuwa anagombana na nani.

Tuanze na hesabu ya njia. Kutoka hapa mpaka Durban ni zaidi ya kilometa 2,500 na mipaka mitatu, utapita Zambia, alafu Zimbabwe ao Botswana, ndo uingie Afrika Kusini. Dar es Salaam ni kama kilometa 2,000 na mipaka miwili. Lobito, bandari ya Angola, ukihesabu kutoka Kolwezi kwenye migodi mikubwa, ni kama 1,700 na mpaka mmoja tu. Kwenye karatasi Lobito inashinda bila kupigana, na wazee walijua hivyo. Waingereza na Wareno walijenga reli ya Benguela, inayotoka Lobito, ikafika mpaka wa Congo 1929, ikaungana na ya Katanga 1931, na kwa miaka mingi shaba yetu ilishuka huko. Wabelgiji lakini hawakupenda mali yao kupita mikononi mwa wengine, wakajenga njia yao ya ndani ya nchi: treni mpaka Ilebo, ilifika 1928, hapo mzigo unashuka unapanda boti ya mto Kasai mpaka Kinshasa, unashuka tena unapanda treni mpaka bandari ya Matadi. Hesabu mara ngapi mtu anabeba sahani ile ile! Ilikuwa ghali na ndefu, lakini ilikuwa "ya kwetu", na mkubwa akitaka kulipa ghali kwa ajili ya bendera, atalipa.

Alafu 1975. Angola inapata uhuru na inaingia vitani, reli ya Benguela inapigwa, madaraja yanalipuliwa, na vita vinaisha 2002 tu. Miaka 27! Mtu aliyezaliwa siku treni iliposimama alikuwa ameshaoa na ana watoto wake. Katika miaka hiyo shaba ilienda wapi? Kusini, njia ya Afrika Kusini ya ubaguzi, ambayo Afrika yote ilikuwa inaitukana mchana na kuitumia usiku. Zambia nao walikuwa na shida hiyo hiyo tangu wazungu wa Rodesia, Zimbabwe ya leo, walipojitangazia uhuru wao 1965, ndo maana wachina wakawajengea reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, ikamalizika 1975. Haikujengwa kwasababu mhasibu alisema ina faida, ilijengwa kwasababu mlango wa kusini ulikuwa na mtu aliyeshika kufuli.

Na hapa kuna kitu vijana hamuoni. Njia ikitumika miaka 30 inaota mizizi. Kwenye njia ya Durban kuna magaraji, kuna wenye vipuri, kuna mawakala wanaojuana kwa majina, kuna benki inayokubali karatasi ya bandari ile, na kubwa kuliko yote kuna mzigo wa kurudi. Kamyo inayoshusha shaba bandarini hairudi mikono mitupu, inarudi na salfa ya kutengenezea asidi ya migodi, inarudi na mashine, na matairi, na vya madukani. Nauli ya shaba ni ya chini kwasababu kuna mtu mwingine analipia kurudi. Njia ingine hata ikiwa fupi, kama kamyo ao behewa linarudi tupu, wewe mwenye shaba unalipia safari mbili.

Njia fupi yenyewe inaweza kukulia kwenye makaratasi. Nikwambie ya kwangu. Mwaka mmoja nilikuwa na kamyo sita za mteja, kila kitu kiko sawa, alafu kwenye karatasi moja namba ya plombe (lakiri ya duane) imeandikwa 8 badala ya 3, kosa la mkono wa mtu fulani ofisini ambaye simtaji, na ofisi ingine ikakataa kusahihisha mpaka karatasi mpya itoke makao makuu. Siku nane. Madereva walipika bukari, ugali wetu, kwenye mbabula ya makaa kati ya matairi, mmoja akashikwa na malaria, mwenye kamyo anadai pesa yake ya kila siku ya kusimama, na ule mzigo ulisogea mita sifuri. Ukichukua siku nane ukazigeuza kilometa, kamyo ingekuwa imekaribia Durban. Kwahiyo ukisikia mtu anasema umbali, muulize umbali upi. Kule Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, waliweka nchi mbili kwenye jengo moja tangu 2009, unagongewa mihuri pamoja, na hiyo kwangu mi ni sawa na kufupisha barabara.

Sasa Lobito inarudi. Kampuni tatu, Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, zilipewa reli ya upande wa Angola kwa miaka 30, mizigo ya majaribio kutoka kwetu ilianza kushuka mwisho wa 2023, na Biden mwenyewe alifika Lobito Desemba 2024 akiwa bado rais wa Marekani. Usidhani alikuja kupunga upepo wa bahari. Wachina wana migodi mingi hapa na wanatengeneza TAZARA upya, Wamarekani wanataka shaba inayoelekea Atlantiki. Mi maoni yangu, na unaweza kunipinga, ni kwamba shaba ya Kolwezi nyingi itahamia reli, ya upande wa Lubumbashi itaendelea kushuka kusini na mashariki muda mrefu bado, kwasababu reli yetu kutoka Dilolo, mpakani na Angola, mpaka Kolwezi imechoka sana, treni inatembea kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Wewe mbebaji usiuze kamyo mwaka huu.

"Prof wetu UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, alitufundisha Ricardo na divai na kitambaa. Mimi naona ni hadithi ya wazungu, haituhusu. Nimekosea?" – Mwanafunzi mwaka wa pili

Nusu. Soma tena zile namba, ni tamu. Mwaka 1817 Ricardo, mchumi Mwingereza, alisema tuseme Ureno inahitaji watu 80 kwa mwaka kutengeneza divai yake na 90 kwa kitambaa, Uingereza inahitaji 120 kwa divai na 100 kwa kitambaa. Ureno inashinda kwa vyote viwili! Na bado inafaa watu wake walime zabibu tu, kwasababu kwa kazi ya watu 80 inapata kitambaa ambacho kingeikula watu 90, na Mwingereza kwa kazi ya watu 100 anapata divai ambayo ingemkula 120. Wote wawili wamepata. Shangazi yangu alikuwa anashona na kupika vizuri kuliko mfanyakazi wake, lakini jikoni alimwachia, akakaa kwenye mashine ya kushona, na hakuwahi kusoma Ricardo.

Ila Ricardo hakwambii kamyo ipite wapi. Hilo muulize Tinbergen, Mholanzi, aliyeonyesha mwaka 1962 kwamba nchi mbili zinafanya biashara nyingi kadiri uchumi wao ulivyo mkubwa na kadiri zilivyo karibu, kama vitu vinavyovutana. China ni mbali lakini ni kubwa sana, inavuta shaba. Zambia ni ndogo lakini iko hapa mlangoni, inatuvutia unga. Na nchi zetu za Afrika ni jirani lakini biashara kati yetu ni kama 15 kwa mia tu ya biashara yetu yote, hapo unaanza kuuliza barabara, mihuri, na sote tunauza nini kinachofanana. Congo iko SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, iko COMESA, soko la mashariki na kusini, tangu 2022 iko pia Jumuiya ya Afrika Mashariki, soko huru la bara zima lilianza Januari 2021, sahihi ziko nyingi kuliko lami.

Na prof wako asipokwambia hii, mwambie wewe: nyuma ya ile divai ya Ricardo kulikuwa na mkataba wa 1703, Uingereza ilikubali divai ya Ureno ilipe ushuru theluthi mbili tu ya ule wa Ufaransa, kwasababu Mfaransa alikuwa adui. Waingereza wakanywa ya Ureno vizazi na vizazi mpaka wakaizoea. Kwahiyo hata hadithi ya hesabu safi ilianzia kwa watu wanaogombana na duane inayotii. Andika kazi yako juu ya hiyo kufungwa kwa mpaka 2024 na soda zake, soda ni maji, ni kitu kizito na cha bei ndogo, uone kwa nini viwanda vyake viko kila mji na bado ya ng'ambo inavuka. Ukimaliza niletee nakala, nitakununulia moja baridi, ya hapa ao ya Ndola kule Zambia, itategemea duane imeamkaje siku hiyo.